Ujia wa Sindano

Hatua hamsini na tatu, kwa viatu.
Peku ni sitini, kwa kuwa nyayo hukawia
pale jiwe lilipolika likawa kama kiganja.
Wawili wakikutana na vikapu vya Marikiti
mmoja hurudi nyuma, na anayerudi
ndiye wa kwanza kuulizwa khabari za nyumbani.
Hakuna aliyeiandika desturi hii.

Wengine husema sindano ni wembamba wetu,
kwamba jua huingia kama uzi, saa sita,
likatoka kabla ya adhana ya adhuhuri.
Bi Zamzamu hakutaka kusikia hilo.
"Sindano ni sindano," akinena, akionyesha kidole
chenye sugu ya kofia, vitobwe elfu kwa elfu,
kazi ya wanawake wa nyumba nne
iliyofika vichwani mwa wanaume hata Ngazija,
na majina yao hayakufika.

Kisha manispaa ikaleta mchoraji wa vibao,
kijana wa Changamwe, mpole, ana haraka.
Akaandika SIDANO.
Tukakusanyika kuitazama herufi isiyokuwapo.
Hatimali wa duka la misumari akasema iachwe:
"Karani ataitafuta daftarini asiipate,
na kodi itapotea njia."
Ikaachwa.
Kodi ilikuja vivyo hivyo.

Lakini nikitaka mgeni aujue ujia huu
simpeleki kwenye kibao, wala kwa kina Dosho
kwenye mlango wa nakshi unaoinamisha wapiga picha.
Nampeleka pembeni, njia inapopinda.
Pale ukuta umekatwa,
kutoka kimo cha kiuno hadi bega,
kama tikiti lililoonjwa.
Weka mkono. Ni laini.

Ilikuwa alasiri, mvua ya Mei.
Amefariki Mwinyihatibu,
mrefu kupita milango yetu yote,
na jeneza likakwama.
Wakaliinua. Wakalishusha.
Mmoja akasema tulilaze ubavu,
akatazamwa mpaka akanyamaza.
Nyumba ya pembeni ilikuwa ya Taibu Shekue,
ambaye yeye na marehemu hawakuamkiana
miaka kumi na mmoja, kwa ajili ya mchirizi.
Taibu akaingia ndani.
Watu wakanong'ona: haya, keshafunga.
Akatoka na tindo na nyundo.

Akaupiga ukuta wake mwenyewe,
matumbawe na chokaa ya babuye,
huku mvua ikimwosha vumbi usoni,
na kila pigo, asema mamaangu,
alitamka kitu kwa sauti ndogo
ambacho hakuna aliyekisikia
ila aliyekuwa begani mwa watu.

Tangu hapo pembe imepitisha
samadari ya Mwanakombo, nzima, haikufunguliwa,
friji ya Dubai yenye milango miwili,
mgonjwa kitini,
na Taibu mwenyewe, ambaye alikuwa mfupi,
hakuihitaji nafasi yote ile.

Sasa nyumba tisa, taa tatu.
Warithi wako Maskati, wako Toronto;
funguo ziko kwa Bi Swabra, ndani ya kopo la maziwa,
na kila funguo ameifunga kitambaa cha rangi yake
kwa kuwa macho hayamsaidii tena kusoma majina.
Paka hulala katikati ya njia
kama mwenye hati.

Juzi fundi aliyeletwa kupaka rangi
alisimama na ndoo ya saruji, akauliza:
"Hili pengo niliziba?"
Tukasema la, sote kwa mara moja,
hata Bi Swabra, asiyekubaliana na mtu.
Fundi akashangaa, akaruka, akaendelea na ukuta.
Hakuuliza sababu. Hatukumweleza.

Usiku huo, njia tupu, nilikwenda kujipima.
Nilisimama wima, mikono ubavuni.
Napita.
Na nafasi inabaki, kulia na kushoto,
ya watu wa kunibeba.